Maziwa Niliyosema Nakunywa

Goma, Katindo

Nabintu wangu,

Usicheke. Najua ungecheka kuniona nimekaa mezani na kalamu, mimi niliyeishia darasa la sita kule Butembo, mimi ambaye barua zote za kwenda kwa wakubwa wa soko ulikuwa unaniandikia wewe. Jumapili nilikuja kwenye kaburi lako nikueleze kwa mudomo, lakini familia fulani ilikuwa inazika karibu, nikaona aibu kupiga kelele za furaha katikati ya kilio cha wengine. Nikarudi na habari yangu. Habari yenyewe imekataa kukaa ndani. Basi naandika, na makosa utayasamehe.

Masika ametetea kazi yake ya utafiti iniversite! Ule mutoto uliyekuwa unamubeba mugongoni katikati ya mabeseni ya sambaza, samaki wetu wadogo wa ziwa, amesimama mbele ya maprofesa watatu, wakamuuliza maswali saa moja na nusu, akawajibu yote, wakamupa distinksio. Nilikuwa pale, kiti cha mbele, na kitenge kile cha kijani ulichokuwa unasema kinanifanya nionekane kama muti wa ndizi. Nimewaambia watu wa parokia yote. Mama wa makala, jirani yangu anayeuza mukaa, ameniambia, «Mama Masika, umeshanieleza mara tatu.» Nikamujibu, «Kaa tayari, ya ine inakuja.»

Lakini wewe nitakueleza kwa utaratibu, sababu wewe na mama yako muko ndani ya habari hii. Na mimi niko ndani vibaya.

Kwanza kazi yenyewe. Masika alinieleza akinichambulia maharagi, nikaelewa vizuri. Anasema, ukimuuliza mutu alikula nini mwezi uliopita, atakuambia kile anachokumbuka, ao kile anachotaka umufikirie. Lakini maziwa iko na mafuta, na ndani ya mafuta ile muko vitu vidogo sana ambavyo vinatoka katika tumbo la ng'ombe, mwili wetu hautengenezi vingi vyenyewe. Ukikunywa maziwa, ukikula fromaji, ile jibini ya Masisi, ukikunywa mashanza, vile vitu vinaingia katika damu yako, vinakaa humo majuma mazima. Basi yeye anachukua damu kidogo, mashini inatafuta ile alama, halafu anaweka jibu la damu kando ya jibu la mudomo na kuangalia kama yanapatana. Umeona? Mutoto wangu anasoma damu kama vile padri anasoma Injili. Ni wako pia, najua. Wewe hukuzaa, na mimi nilikuwa na mutoto mumoja, tukamugawanya. Ndiyo maana nasema jivune huko uliko, usiniachie mimi peke yangu kazi yote ya kujivuna.

Unakumbuka mashanza yako? Saa ine asubuhi unafungua chupa, unakunywa maziwa yako ya kuganda kwa mukono mumoja, na mukono mwingine unafukuza inzi juu ya sambaza. Nilikuwa nakunja pua. Tumbo yangu na maziwa, wewe unajua, tunasalimiana kwa mbali. Ukaniambia, «Ninyi watu wa Butembo, mukipewa ng'ombe mutamupika ndani ya maharagi pamoja na pembe zake.» Nikakujibu, «Na ninyi wa Walungu, mukizikwa bila maziwa mutarudi kuyatafuta.» Ulicheka mpaka ukamwaga mashanza juu ya samaki, tukawauza vile vile.

Neno lile. Nilipokuwa napanga maua juu yako lilinirudia, nikaogopa kama nilikuwa nimekutabiria. Lakini ulicheka. Nashika pale, kwamba ulicheka.

Na siku ya mwisho, hospitalini, tension, ile presha ya damu, ilikuwa imekwisha kuchukua upande wako wa kushoto na maneno yako karibu yote. Ulinishika kidole. Ulisema, «Mama.» Ukapumuzika. Ukasema, «Maziwa.» Muuguzi alifikiri unaomba kunywa, akakimbia kutafuta kikombe. Mimi nilielewa: mama yako asikose maziwa. Nilisema ndiyo. Sikuuliza nitayatoa wapi.

Sasa sikiliza vile Mungu anapanga. Hata miezi miwili haikupita, nikaanguka nyuma ya nyumba juu ya mawe ya volkano, kifundo cha mukono kikavunjika. Daktari akasema mifupa yangu inazeeka, nikunywe maziwa kila siku. Masika, na mushahara wake wa kwanza wa kusaidia katika labo, akapatana na papa mumoja, muchuuzi anayeshusha maziwa ya Masisi kwa moto, pikipiki yake. Kila asubuhi litri moja, mulangoni kwangu, maziwa nzito yenye mafuta juu. Alinibusu kichwa, akasema, «Mama, hii ni yako peke yako. Usigawie majirani.»

Sikugawia majirani.

Nilikuwa nachemsha, natia katika termosi, na natembea mpaka Keshero kwa mama yako. Kila siku, Nabintu, mvua na vumbi. Yeye, Koko wetu, bibi ya Masika, anakunywa kikombe cha moto mbele yangu, yenye kubaki anaiacha igande anakunywa jioni. Uso wake umerudia uzima. Ngozi inang'aa mpaka majirani zake wanauliza anapaka mafuta gani. Siku ya kwanza aliniwekea sharti moja tu: «Usimuambie mutu. Hata Masika.» Nilifikiri ni kiburi cha wazee. Nikakubali haraka, sababu na mimi nilikuwa na kiburi changu cha kuficha.

Maana nilikuwa nimekwisha kujisifu! Wewe unanijua. Kabla litri ya kwanza haijachemka, muji ulikuwa umekwisha kujua kama Masika anamunywesha mama yake maziwa kama mutoto wa mfalme. Kwenye kwaya niliwaambia. Kwa mushonaji niliwaambia. Nilionyesha hata kucha zangu: «Angalieni, zimekuwa ngumu.» Kucha zilikuwa zile zile za siku zote.

Basi Masika akaanza kazi yake. Alikuwa anatafuta wamama wa miaka yetu na kuendelea, wa Katindo na wa Keshero, wakubali kuulizwa na kutoa damu. Nani alimutafutia wamama? Mimi. Nilisimama mbele ya kanisa baada ya misa ya pili kama mutu wa kampeni. Nikamuleta na Koko. Sikufikiri mbali. Mimi nilifikiri damu ni damu.

Mwenzake mumoja, binti mupole wa miwani, alikuja kutuuliza maswali katika uwanja wa kituo cha afya, wote tumekaa kwenye benchi moja, kila mutu anasikia jibu la mwenzake. Akaniuliza, «Mama, unakunywa maziwa mara ngapi kwa juma?» Wamama kumi wananiangalia. Wamama wale wale niliowaonyesha kucha. Ningejibu nini? Nikasema, «Kila siku.» Akaandika. Nikaona kalamu yake imesimama haraka sana, nikaongeza, «Asubuhi na jioni. Na fromaji siku ya Jumapili.» Mama wa makala akapiga mluzi.

Baada ya mimi, zamu ya Koko. «Koko, unakunywa maziwa?» Mama yako akanyoosha mugongo, akasema, «Maziwa ya nani? Hapana. Tangu mwaka jana sijaonja.» Na asubuhi ile mimi mwenyewe nilikuwa nimefuta povu la maziwa juu ya mudomo wake na kona ya kitenge changu.

Tukaingia kutoa damu, mimi mbele, yeye nyuma yangu. Vichupa vyetu vikafuatana. Damu ikawekwa katika barafu, ikavuka mupaka, ikapanda ndege kwenda kwenye mashini kubwa ya mbali. Ile iliyobaki, kidogo kidogo ya kila mutu, Masika akaifunga katika baridi ya labo. Nami nikasahau.

Majibu yalipokuja, Masika alirudi nyumbani saa tisa ya muchana, hakuvua hata viatu. Nilikuwa nimepika ndizi na sambaza. Hakugusa. Akasema, «Mama, nimeharibu kazi.» Kumbe Profesa anayemuongoza amekaa na karatasi mbili, ya mimi na ya Koko. Damu yenye jina langu ni ya mutu asiyejua ng'ombe ni kitu gani. Damu ya Koko ni ya mutu anayelala katika zizi. Profesa akasema jambo ni wazi: vichupa viwili vilifuatana, umevichanganya. Na kama umechanganya viwili, nani atahakikisha vingine vyote? Kazi nzima itupwe. Aanze upya, mwaka mwingine, kama kutakuwa tena mutu wa kulipia ndege na mashini. Na nafasi yake ya kazi katika labo haitamungojea, kuna mwingine anayeitaka.

Masika akaniangalia. Macho yake yalikuwa kavu, na hiyo iliniumiza zaidi. Akasema, «Na Profesa ana haki. Sababu wamama wengine siwezi kujua, lakini wewe najua. Maziwa nanunua mimi mwenyewe.»

Nabintu. Yalikuwa maneno matano ya kusema. Mimi mwenye mudomo mukubwa kuliko wote wa Katindo, nikamusogezea sahani. Nikamuambia, «Kula kwanza.» Basi. Kula kwanza! Siku mbili nilimuangalia mutoto wangu akipindua daftari zake, akitafuta wapi mikono yake ilikosea, akijiita mujinga. Mikono ile haikuwa imekosea kitu. Nilikuwa naogopa nini? Kwamba atajua nilidanganya mbele ya watu wote. Kwamba atafikiri nilidharau maziwa yake. Na Koko nilikuwa nimemupa neno langu.

Siku ya tatu nilifika Keshero na termosi, nikaiweka chini bila kumimina. Nikamueleza mama yako yote. Halafu akaniambia sababu ya sharti lake, na mimi nakuambia vile alivyosema, sijabadili: «Kwetu, mama muzee anakunywa maziwa ya mutoto wake. Nikisema nakunywa, wataniuliza ni ya mutoto gani. Hapo itanilazimu kusema mutoto wangu amekufa. Nikisema sinywi, hakuna anayeuliza swali la pili.»

Nilikaa chini, juu ya sakafu, kando ya miguu yake. Mwaka mzima nilikuwa nafikiri ni kiburi.

Kisha akachukua fimbo yake. «Simama. Mutoto hawezi kuharibikiwa sababu ya vikombe vyangu. Tafuta moto.»

Tulipanda moto moja, Nabintu! Dereva mbele, mama yako katikati, miaka yake yote ile, mimi nyuma nimemukumbatia na mukono wangu ule uliofungwa plasta zamani. Kwenye kila jiwe anamukemea dereva kwa Kishi, luga ya kwenu. Dereva hasikii Kishi lakini alipunguza mwendo.

Masika alikuwa ndani kwa Profesa, wanajadili vile watakavyofunga kazi. Tukaingia bila kugonga. Nikasema nimesimama, «Profesa, vichupa havikuchanganywa. Mutu aliyechanganya ni mimi. Maziwa ya mutoto wangu namupelekea huyu mama, kila siku, zaidi ya mwaka. Mimi sinywi. Tumbo yangu haiyataki. Nilisema nakunywa kwa sababu ya sifa.» Nilisema hivyo, neno sifa, kwa mudomo wangu mwenyewe. Ungekuwa pale ungeniomba nirudie.

Profesa alivua miwani. Akasema, «Mama, mutu anaweza kusema chochote ili aokoe mutoto wake.» Na hapo alikuwa na haki, hata mimi ningesema uongo mukubwa zaidi kwa ajili ya Masika. Ni Masika aliyejibu. Aliniangalia kwanza, namna ambayo sijui kuandika, halafu akasema, «Kuna damu iliyobaki katika baridi. Tupime grupu ya damu ya kila kichupa, na tuwapime hawa wamama wawili sasa hivi.»

Kumbe ilikuwa rahisi hivyo. Walituchoma vidole pale pale. Mimi niko O, tangu nilipomuzaa Masika iko kwenye kitabu changu cha uzazi. Mama yako yuko B. Wakaenda kupima na ile ya baridi. Tukangoja kwenye benchi, Koko anashika mukono wangu kama mimi njo mutoto. Kichupa changu: O. Kichupa chake: B. Kila damu ilikuwa mahali pake. Masika hakukosea hata tone.

Profesa akacheka mara ya kwanza. Akaniambia, «Mama, damu yako imemuokoa mutoto, mudomo wako ulikuwa unataka kumumaliza.» Nikamujibu, «Profesa, mudomo huu njo uliuza sambaza mpaka akafika kwako.» Akasema sawa, mechi ni sare, moja kwa moja. Lakini alimuambia Masika pia kitu kizito: watu wawili peke yao hawathibitishi elimu nzima, ila wanaonyesha namna gani ya kuuliza. Wasiulize tena watu kwenye benchi mbele ya majirani. Masika alirudi kwa wamama wote, nyumba kwa nyumba, mulango umefungwa. Mama wa makala alibadili majibu yake yote, nasikia. Sitamucheka. Nimejizuia mara mbili tayari.

Njiani kurudi nilimuuliza Masika, «Kwa nini hukufikiria hiyo grupu tangu mwanzo?» Akasema, «Ningeipimia nini, Mama? Nilikuwa na hakika unakunywa.» Mutoto alikuwa tayari kuamini mikono yake ni mibovu kuliko kuamini mama yake amedanganya. Nilisimama barabarani nikalia, watu wa chukudu, zile baiskeli za mbao, wananizunguka na mizigo yao wakisema, «Mama, pita.» Naye akanifuta uso. Hakunigombeza. Alisema tu, «Ungeniambia, ningenunua litri mbili.»

Sasa ananunua mbili. Na Koko amenigeukia, ananipimia nusu kikombe cha mashanza kila asubuhi, anakaa na fimbo mpaka nimalize. Anasema iliyoganda haisumbui tumbo kama ile ya moto. Ni kweli, na inaniuma kukubali kwamba ulikuwa unaniambia hivyo miaka zaidi ya ishirini. Masika ameahidi atanipima tena. Ajaribu! Safari hii damu yangu itajisifu yenyewe.

Lakini kitu nilichotaka kukuambia kuliko vyote ni hiki. Masika alipoenda kumuuliza Koko upya, nami nilikuwepo, Koko alinitaka nibaki. Alijibu vizuri, vikombe vingapi, saa ngapi. Halafu Masika akauliza kwa sauti ya chini, «Koko, nani anakuletea?» Mama yako akasema, «Nabintu.» Nikafikiri miaka imemuchanganya. Nikasema polepole, «Koko, Nabintu alikufa.» Akaniangalia wazi kabisa. «Najua alikufa. Mimi njo nilimuzaa, mimi njo nilimuzika. Huyu hapa anatembea, lakini aliyetuma ni Nabintu. Andika.» Ilikuwa mara ya kwanza kusema kwa mudomo wake kwamba umekufa. Karatasi haikuwa na nafasi ya jibu la namna hiyo. Masika aliandika pembeni, maandishi yake yakaenda upande. Kisha Koko akalala usingizi wa kutosha, na tangu siku ile anazungumuza juu yako na kila mutu, utoto wako, ukaidi wako, mpaka nimechoka kukusikia.

Masika anataka papa wa maziwa apitie Keshero moja kwa moja, mimi nipumuzike. Nimekataa. Miguu bado ninayo.

Basi lala vizuri, dada yangu. Mutoto wetu ni mutu mukubwa, mama yako ni mnene, mimi nina afya na bado najisifu. Na neno nililokupa pale kitandani nalirudia kwa maandishi, ili lisibaki la mudomo tu: mpaka siku mumoja wetu, mimi ao Koko, atakapokufuata, nitakuwa nagonga kwa mama yako kila asubuhi. Akiuliza ndani, «Nani?», sitataja jina langu. Nitasema, «Nabintu ametuma.»

Mimi wako,
Mama Masika